Barua ya Mwenye Nyumba Si Amri ya Kuhama



Wasomaji wetu watukufu, wiki hii naomba radhi niiweke kando mada niliyowaahidi, nieleze jambo lililonijia barazani. Nadhani jambo hili limo katika nyumba nyingi zaidi ya moja hapa pwani, ijapokuwa aghalabu husemwa kwa kunong'ona.

Alasiri moja, baada ya sala, nilikuwa nimekaa nje ya msikiti na wanafunzi wa darsa alipokuja mama mmoja wa mtaani kwetu, simu mkononi. Mama huyu namjua tangu enzi za wazee wetu, naye si mtu wa kubabaika. Siku hiyo sauti ilikuwa imemkauka. Akasema, "Maalim, nisomee barua hii. Mwanangu anatolewa nyumbani kwake huko Marekani, naye ana mayatima wanne."

Binti yake anaishi Columbus, katika jimbo la Ohio. Aliolewa na kijana wa Barawa ambaye wazazi wake walikuwa miongoni mwa wale waliokimbia vita vya Somalia, wakakaa kambini hapa Mombasa katika miaka ya 1990, kisha wakapelekwa Marekani. Wengi wetu tunawakumbuka watu hao. Chimwini chao ni ndugu wa Kiswahili chetu, na watoto wao walikaa mkeka mmoja na wetu madrasani. Binti akamfuata mumewe. Mume akafariki. Tangu hapo mjane huyu anafanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao, na amekaa katika jengo lile lile kwa miaka 11, kwa kodi anayoimudu kwa sababu serikali inalipa sehemu ya kodi hiyo.

Barua ilikuwa ya Kiingereza, imepigwa picha kwa haraka. Ilisema kwamba mwenye jengo ana mkataba na serikali, kwamba mkataba huo utamalizika baada ya mwaka mmoja, na kwamba hakusudii kuufanya upya. Kwa mama yule, maneno hayo yalikuwa na maana moja tu. Alikwisha kumpigia simu mwanawe aliyeko Dubai, na alikwisha kuvua bangili zake mbili za dhahabu azipeleke kwa sonara, zipatikane pesa za kumhamisha binti.

Nikamwambia, "Bi mkubwa, bangili zirudishe mkononi kwanza. Barua hii haisemi kuwa mwanao ahame."

Mimi si mwanasheria, wala sijidai. Nilimpigia mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafanya kazi katika ofisi ya msaada wa sheria huko huko Marekani, akanieleza kwa subira. Mengine nikayasoma mwenyewe. Nimeona niyaandike hapa, kwa sababu kina mama wengi wanaosoma kijarida hiki wana binti, dada au mkwe katika nyumba za namna hiyo, na barua ya namna hiyo inapofika, ushauri wa kwanza hutoka kwa mama aliyeko nyumbani. Ushauri huo ukiwa wa pupa, unaweza kumkosesha binti haki ambayo sheria imemwekea.

Nyumba hizi ni za namna gani?

Msomaji asizichanganye na nyumba za bei nafuu zinazojengwa hapa Kenya, ambazo kwa ajili yake mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara. Zetu hujengwa kwa mpango wa serikali, na nyingi yake ni za kununuliwa kidogo kidogo. Zile za Marekani tunazozizungumza ni mali ya watu binafsi na makampuni, nazo ni za kukodi.

Mwaka 1974 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoanzisha mpango ambao hadi leo watu wetu kule wanauita kwa jina lake la Kiingereza, Section 8, yaani Kifungu cha 8. Mwenye jengo hufunga mkataba na serikali kwa miaka kadhaa. Mingi ya mikataba ya mwanzo ilikuwa ya miaka 20. Anakubali kuwapangisha watu wa kipato kidogo. Mpangaji hulipa kiasi cha asilimia 30 ya kipato chake baada ya makato fulani, na kinachobaki katika kodi hulipwa na serikali moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Tuseme kodi ya nyumba ni dola 1,400 kwa mwezi, na kipato cha mjane baada ya makato ni dola 1,800. Yeye atalipa dola 540. Serikali italipa dola 860.

Ruzuku hiyo imefungwa na jengo, haikufungwa na mtu. Hapa ndipo penye mzizi wa hofu. Mkataba wa jengo ukimalizika, mwenye nyumba yuko huru kuufanya upya au kujitoa. Mtaa ukiwa duni, wenye nyumba wengi hubaki, kwa kuwa malipo ya serikali ni ya uhakika. Mtaa ukianza kupendeza, yakaja maduka mapya na watu wenye mishahara mikubwa, mwenye nyumba huanza kupiga hesabu kwamba nje ya mpango angepata zaidi.

Wala si haki kumwita dhalimu kwa hilo peke yake. Aliahidi miaka, na miaka imetimia. Sisi tuliosomeshwa fiqhi tunajua kuwa ijara ni mkataba wa muda maalumu, na muda ukiisha kila mmoja hurudi na chake. Lakini tunajua vilevile kwamba ndani ya muda na ndani ya masharti hakuna wa kuchezea. Katika kauli yenye nguvu ya madhehebu ya Imam Shafii, nyumba iliyokodishwa ikiuzwa, ukodishaji hauvunjiki. Mnunuzi hana budi kungoja hadi muda wa mpangaji umalizike. Basi swali la kuuliza si kama mwenye nyumba anaweza kujitoa. Tuulize: ni masharti gani yanamfunga anapojitoa?

Mwaka mmoja wa notisi

Sharti la kwanza ni muda. Mwenye jengo anayetaka kujitoa katika mkataba wa Kifungu cha 8 hana budi kumwandikia kila mpangaji, na kuiandikia Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, si chini ya mwaka mmoja kabla ya mkataba kumalizika. Asipofanya hivyo, sheria inamkataza kumtoa mpangaji au kumwongezea malipo yake mpaka atoe notisi iliyo sahihi na mwaka mzima upite tangu hapo. Kuchelewa kwake kunamlemea yeye, hakumlemei mpangaji.

Sharti la pili ni maneno ya barua yenyewe. Sheria inataka notisi imweleze mpangaji kwamba huenda mwenye nyumba na serikali wakakubaliana kuendelea, na kwamba wasipokubaliana, serikali itawapa wapangaji wanaostahiki msaada wa kodi unaomfuata mtu mwenyewe, ambao anaweza kuutumia mahali atakapochagua, na yaelekea hata katika nyumba ile ile anayokaa.

Niliposikia hayo, nilimwomba mama amwambie binti atume barua yote. Kumbe ilikuwa na kurasa mbili. Binti alikuwa amepiga picha ukurasa wa kwanza tu, kwani machozi yalimzidi kabla hajafika wa pili. Katika ukurasa wa pili, aya ya tatu, maneno hayo yalikuwepo. Jamaa wa nchi tatu walikwisha kukosa usingizi kwa sababu ya ukurasa mmoja ambao haukusomwa.

Katika mwaka huo wa notisi, mkataba wa jengo bado unaendelea. Mpangaji hulipa kodi ile ile aliyokuwa akilipa, na ana haki zile zile. Mtu akimgongea mlango na kumwambia kuwa afadhali aanze kutafuta pengine, huyo anatoa rai yake tu.

Vocha inayomwezesha kubaki

Mkataba unapomalizika kweli kweli, familia inayostahiki kwa kipato hupewa vocha maalumu. Barua za kule huiita kwa Kiingereza enhanced voucher. Sisi tuseme vocha iliyoongezwa. Ilianzishwa kwa sheria mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya majengo mengi kuanza kutoka katika mpango kwa wakati mmoja.

Vocha ya kawaida ina kikomo: serikali hulipa hadi kiwango fulani kilichowekwa kwa ajili ya mji ule, na kodi ikizidi hapo, mpangaji ajitafutie. Vocha iliyoongezwa hupanda pamoja na kodi mpya ya nyumba ile, maadamu kodi hiyo ni ya haki ikilinganishwa na nyumba nyingine kama hiyo zisizo na ruzuku. Turudi kwenye mfano wetu. Mwenye nyumba amejitoa na kuipandisha kodi kutoka dola 1,400 hadi dola 1,700. Mamlaka ya nyumba ya mji ikiridhika kwamba bei hiyo ni ya soko, mjane ataendelea kulipa dola zake 540, na vocha italipa dola 1,160.

Yapo masharti matatu yanayopasa kujulikana. La kwanza, familia inatakiwa isilipe chini ya ile kodi iliyokuwa ikilipa siku mkataba ulipomalizika, ila kipato kikipungua sana ndipo hesabu hutazamwa upya. La pili, familia ikiwa na vyumba vingi kuliko idadi ya watu wake, huenda ikatakiwa kuhamia nyumba ndogo zaidi ndani ya jengo pindi inapopatikana. La tatu, familia ikiamua kuhama kwenda pengine, vocha yake huwa ya kawaida, na ile nguvu ya ziada huondoka.

Je, mwenye nyumba anaweza kuikataa vocha hiyo? Sheria imesema kwamba familia inaweza kuchagua kubaki, na mahakama zimesisitiza kwamba neno hilo lina uzito. Familia moja ya Philadelphia ilikuwa ikikaa katika nyumba yao tangu miaka ya 1980. Mkataba wa jengo ulipomalizika wakapewa vocha hiyo. Baadaye mwenye nyumba akawaambia kuwa muda wa hati yao ya upangaji umekwisha na hataiandika upya. Kesi ikaenda hadi Mahakama ya Rufaa ya Mkoa wa Tatu. Mwaka 2017 majaji watatu walimpa ushindi mwenye nyumba. Familia haikukata tamaa, ikaomba majaji wote wa mahakama ile waisikilize. Mwaka 2018 jopo kubwa likageuza hukumu: mwenye vocha iliyoongezwa hatolewi kwa sababu tu kwamba muda wa hati umeisha, lazima pawepo sababu ya haki, kama vile kutolipa kodi au kuvunja masharti ya upangaji.

Nilipomsimulia mama kisa hiki, aliniuliza swali moja tu: "Walikaa kimya muda wote huo, Maalim, au walihama kwanza?" Nikamwambia walikaa nyumbani mwao, wakazungumza mbele ya mahakama. Akanyamaza, akaitazama simu yake.

Milango ya kutokea si mmoja

Hapa nataka kuwatahadharisha, kwa sababu nusu ya elimu inaweza kudhuru. Si kila nyumba yenye nafuu iko chini ya Kifungu cha 8, na kila mpango una mlango wake wa kutokea.

Yako majengo yaliyojengwa kwa mikopo ya serikali ya miaka 40 yenye riba ya chini, ambapo mwenye jengo alipewa ruhusa ya kuumaliza mkopo mapema baada ya miaka 20 na hivyo kujiondoa. Wenye majengo walipoanza kufanya hivyo kwa wingi, mwaka 1987 Bunge liliwazuia kwa muda. Mwaka 1996 haki hiyo ikarudishwa. Wapangaji wa majengo hayo nao wanaweza kustahiki vocha iliyoongezwa mkopo unapomalizwa mapema.

Yako majengo mengine, na siku hizi ni mengi mno, yaliyojengwa kwa nafuu ya ushuru iliyoanzishwa mwaka 1986. Humo hapana asilimia 30 ya kipato cha kila mtu; kodi imewekewa kikomo tu. Majengo ya tangu 1990 hufungwa kwa miaka isiyopungua 30, lakini katika majimbo mengi mwenye jengo anaweza kuomba kutoka baada ya mwaka wa 14. Jimbo hupewa mwaka mmoja wa kutafuta mnunuzi atakayeliacha jengo katika mpango. Asipopatikana, jengo hutoka. Wapangaji waliomo hawapewi vocha kwa sababu hiyo peke yake. Walichowekewa ni kinga ya miaka mitatu: ndani ya muda huo hawatolewi pasi na sababu ya haki, wala kodi yao haipandishwi kupita kikomo cha mpango. Miaka mitatu si mingi, lakini inatosha kwa mtu kujipanga iwapo anajua siku ilipoanza.

Kisha kuna sheria za majimbo. California humtaka mwenye jengo atoe notisi mara tatu: miaka mitatu kabla, miezi 12 kabla na miezi sita kabla. Massachusetts, kwa sheria ya mwaka 2009, huipa serikali ya jimbo nafasi ya kujitokeza kununua jengo linapouzwa. New York ina majengo ya mpango ulioanza mwaka 1955 ambayo, yakijitoa, baadhi yake huingia moja kwa moja chini ya sheria za kudhibiti kodi, hasa yale yaliyojengwa kabla ya 1974. Kwa hivyo mtu wa Columbus asitegemee kisa cha jamaa yake wa New York. Swali la kwanza la kumwuliza binti ni hili: jengo lako liko chini ya mpango gani? Jibu limo katika hati yake ya upangaji na katika barua aliyopewa.

Jirani aliyeondoka

Binti wa mama yule alikuwa na jirani, mwanamke wa Afrika Mashariki pia, ghorofa ya juu yake. Barua ilipofika, huyu jirani alishikwa na haya zaidi kuliko hofu. Hakutaka watu wajue kuwa anakaa nyumba ya msaada. Wiki chache baadaye, mtu wa ofisi ya jengo alimjia na karatasi, akampa dola 1,500 za kumsaidia kuhama, naye akatia sahihi kwamba anaondoka kwa hiari yake. Sasa anakaa kwa kaka yake, yeye na watoto, katika sebule. Siku mkataba wa jengo utakapomalizika, vocha watapewa waliomo ndani siku hiyo. Yeye hatakuwemo. Akitaka msaada, atajiandikisha katika orodha ya kungojea pamoja na wengine, na katika miji mingi orodha hizo huchukua miaka, na pengine hufungwa kabisa.

Sisemi kwamba ofisi ile ilivunja sheria. Mtu mzima alipewa pesa, akatia sahihi. Ninachosema ni kwamba aliuza kitu ambacho hakujua kuwa anacho.

Na hata kwa aliyebaki, tusijidanganye. Kinga hii ni ya mtu, si ya nyumba. Siku mjane wetu atakapohama kwa hiari yake, au watoto watakapokua na kwenda zao, nyumba ile itakodishwa kwa bei ya soko. Mjane mwingine atakayefika mjini na watoto wake hataikuta. Kila jengo linalojitoa hupunguza sakafu ambazo maskini wa kesho wangesimama juu yake. Kwa ajili hiyo wapangaji wenye busara hawangoji vocha tu. Huutumia ule mwaka wa notisi kumshawishi mwenye jengo aendelee, au kuushawishi mji utafute mnunuzi atakayeliacha katika mpango. Serikali nayo ina utaratibu wa kuyapandisha malipo yake yafikie bei ya soko kwa baadhi ya majengo, ili mwenye mali asiwe na sababu ya kuondoka. Barua ya kujitoa inaweza kugeuzwa, na imewahi kugeuzwa, pale wapangaji walipozungumza kwa sauti moja.

La kumwambia binti yako

Mama mpenzi, barua kama hiyo ikifika kwa jamaa yako, mwambie mambo haya kwa utulivu.

Asome barua yote, kurasa zote, na kama Kiingereza cha sheria kinamshinda asimtwike mtoto wake wa darasa la tano kazi ya kutafsiri. Atafute mtu mzima mwaminifu. Aihifadhi barua pamoja na bahasha yake, aandike tarehe aliyoipokea.

Asihame, wala asiache kulipa kodi. Kosa la kodi ya mwezi mmoja linaweza kumpa mwenye nyumba ile sababu ya haki ambayo asingekuwa nayo.

Asitie sahihi karatasi yoyote ya kuondoka, wala asipokee pesa za kuhama, kabla ya kuzungumza na mtu wa sheria. Msaada huo upo bure kwa wenye kipato kidogo. Mwaka 1974, mwaka ule ule wa Kifungu cha 8, Bunge la Marekani liliunda pia shirika la kugharimia ofisi za msaada wa sheria kwa maskini katika mashauri ya madai, na ofisi hizo zimo katika kila jimbo.

Mamlaka ya nyumba itakapomwita kwa ajili ya vocha, aende siku ile ile na hati zote: za kipato, za kuzaliwa watoto, za utambulisho. Wengi hukosa vocha kwa kukosa miadi tu. Akiwa na zamu kazini siku hiyo, aombe siku nyingine kwa maandishi kabla miadi haijapita.

Na azungumze na majirani. Wapangaji wa majengo yanayosaidiwa na wizara ile wana haki ya kukutana, kubandika matangazo na kuunda umoja wao, na mwenye jengo hana ruhusa ya kuwazuia. Kina mama wa pwani hawahitaji kufundishwa namna ya kukutana. Wanaoweza kupanga maulidi ya watu mia tatu kwa siku mbili wanaweza kuwakusanya wapangaji wa ghorofa nne.

Kuhusu haya, neno moja. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni, mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Mola wetu hakuona kuwa karatasi na sahihi ni mambo duni. Mwanamke anayelipa dola zake 540 kila mwezi kwa mkataba halali, akalea mayatima, hana cha kuonea haya. Anachodai si sadaka. Anadai sharti lililoandikwa.

Jumatatu iliyopita nilimwona yule mama akitoka sokoni, kapu kichwani. Binti bado yuko nyumbani kwake, na miezi minane ya notisi bado haijaisha. Wapangaji 26 wamekwisha kukutana mara mbili, mara ya pili katika ukumbi wa kanisa la mtaa ule, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Mwenye jengo hajasema kama atabadili nia. Mama alipoinua mkono kunisalimu, nilizisikia bangili zikigongana.

Tumwombe Mola awahifadhi wajane na mayatima wetu popote walipo, na atupe moyo wa kusoma hadi ukurasa wa mwisho.

Wabillahi tawfiq.